Mluzi wa Inspekta

4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Hujambo wewe, na magoti je? Na lile jino jipya la bandia limeacha kukubana? Lilimeta kwenye picha zote za harusi mpaka mpigapicha akauliza bibi harusi hasa ni yupi. Sisi tuko salama, tena neno lenyewe naliona dogo. Ningekupigia, ila ulisema simu ni ya watu wenye haraka, na mimi nina mengi.

Mama, nina furaha mpaka naona haya. Fundi wangu anarudi jioni kutoka kutengeneza mafriji ya watu, shati lina grisi, bisibisi zinagongana mfukoni, na mimi nasimama mlangoni kama naona mwezi ukichomoza. Juzi kanitengenezea rafu ya vikombe. Imepinda. Vikombe vyote vimesogea upande mmoja kama abiria kwenye kona. Amesema atainyoosha, nikamwambia akiigusa tutagombana.

Na kasuku wenu Inspekta kafika salama na tundu lake. Alinikagua kuanzia kichwani hadi kidole cha mguu, akanigeuzia mgongo. Siku tatu! Ya nne akanipandia begani, nikalia machozi. Kila asubuhi anapiga ule mluzi wake wa sauti nne, mwanao anamjibu kutoka bafuni na povu mdomoni. Ananiambia, "Mke wangu, wewe umeolewa, lakini huyu nimekuwa naye tangu nina miaka sita. Mtoto wa pekee hana ndugu mwingine." Basi nimejiona nimekabidhiwa shemeji.

Namwachia atembee ndani, tunduni ananung'unika. Nifundishe, Mama: ni nini kinachoweza kumdhuru? Kasuku sijawahi kufuga. Nyumbani kwetu tulikuwa na kuku, na kuku mwisho wake unaujua.

Nakupenda sana,
Mkamwana wako


9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, magoti ni ya umri wake, jino linanibana nikicheka, basi barua yako imenitesa. Msalimie mwanangu, mwambie rafu hupimwa kwa pimamaji, si kwa jicho la mapenzi.

Sasa Inspekta. Kasuku ana akili ya mtoto wa miaka mitatu na mdomo wa koleo, na kinachoua mtoto wa miaka mitatu kinamuua yeye haraka zaidi. Kabla hujamtoa, zima feni, funga dirisha na uteremshe pazia, maana kioo yeye hakioni. Nyaya za umeme zisining'inie, atazitafuna. Parachichi asionje hata kidogo, wala chokoleti, wala kahawa iliyobaki kikombeni. Chumvi hapana. Ukipuliza dawa ya mbu, yeye awe chumba kingine, na hayo manukato yako mazuri jipulizie nje. Usilale naye kitandani hata akikubembeleza. Tazama chini kabla hujaketi na kabla hujafunga mlango.

Na ndoo. Ndoo ya maji, beseni, choo, kila chenye maji kifunikwe. Najua unafua Jumamosi na kuloweka nguo. Funika. Hata ukienda hatua tatu tu kuchukua sabuni, funika. Mengine ukisahau nitakusamehe, ndoo usisahau.

Mama yako


21 Juni

Mama,

Shikamoo. Sijui niulize hali yako vipi.

Inspekta amekufa.

Ndoo zote zilifunikwa, Mama. Naapa. Nilikuwa nimefunika hata jagi la mezani, mwanao akanicheka. Hazikuwa ndoo.

Fundi wangu aliondoka tarehe kumi na saba kwenda kufunga chumba cha baridi kwenye kiwanda cha maziwa, atarudi tarehe mosi. Siku ya pili jioni nilikuwa jikoni, Inspekta kakaa juu ya mgongo wa kiti, ananitazama. Nikabandika kile kikaango kisichogandisha chakula, zawadi ya shangazi yangu, kipate moto kwanza. Simu ikalia. Alikuwa yeye. Mama, ungemsikia! Anasema kitanda cha huko kipana mno, analala pembeni tu kama bado niko. Nikatoka hadi ukumbini nicheke vizuri. Dakika kumi, labda kumi na tano. Kikaango kitupu, moto mkali.

Niliporudi kulikuwa na harufu kidogo tu, kama plastiki. Koo likaniwasha. Inspekta alikuwa sakafuni, mbawa zimefunguka, anavuta pumzi kwa shida, mkia unapanda na kushuka. Nikamfunga kwenye kanga, nikakimbia naye hadi kwa daktari wa mifugo, ni mitaa minne, nilikimbia na ndala moja. Hakufika.

Daktari hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Kasema vikaango vya namna ile vikiungua hutoa hewa ambayo mtu anakohoa tu, lakini ndege haponi, mapafu yake hayajui kukataa. Kasema ndege hakai jikoni kabisa. Kumbe na wewe hukujua, wewe unapikia sufuria.

Nimemzika nyuma ya nyumba, chini ya kamba ya nguo. Mume wangu kapiga simu mara mbili, kauliza, "Ndugu yangu hajambo?" Nikasema hajambo. Mama, nimemdanganya mume wangu na ndoa haijatimiza miezi miwili.

Sasa nisikilize, usinihukumu. Kuna muuza ndege karibu na duka la vitambaa ninakofanya kazi. Anaye kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, umbo lile lile. Nimebakiza siku kumi. Nikimfundisha ule mluzi, nani atajua? Niandikie sauti zile nne zinavyokwenda, ipi juu, ipi chini. Nakuomba kama mtoto wako wa kumzaa. Yeye alimpenda yule ndege kabla hajanipenda mimi. Akirudi akanitazama kwa jicho jingine, nitaishi vipi?

Mkamwana wako


24 Juni

Mwanangu,

Pole. Pole sana. Nilikaa na barua yako mpaka chai ikapoa. Kila kilichowahi kunitokea nilikuandikia ujihadhari nacho. Hicho kilikuwa hakijanitokea.

Mluzi sikuandikii. Nitakueleza kwa nini, na haya hajawahi kuyasikia mtu.

Ndege uliyemzika si yule ambaye mume wako alipewa akiwa na miaka sita. Huyo alikufa kwenye ndoo yangu. Mwanangu alikuwa na miaka tisa, kaenda likizo kwa mjomba wake. Mimi nilikuwa nimeloweka mashuka, nikaenda hatua tatu kuchukua sabuni, jirani akaniita kwenye ua, unajua maneno ya uani yalivyo. Niliporudi alikuwa anaelea.

Baba yake alikuwa amefariki mwaka ule ule. Nikajiambia, huyu mtoto nimpe msiba wa pili? Nikazunguka siku tano nikapata mwingine anayefanana. Nikamfundisha mluzi wa mwanangu, mimi ambaye sijawahi kujua kupiga mluzi, nimejifungia stoo asubuhi na jioni wiki tatu, napuliza mpaka kizunguzungu. Mtoto aliporudi, ndege akapiga. Akamsikiliza, akaniuliza, "Mama, Inspekta ana mafua?" Nikasema ndiyo, mvua ilimnyeshea. Akaenda kumfunika tundu kwa sweta lake.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu, mwanangu, miaka kumi na tisa, na kila asubuhi ule mluzi ulikuwa unaniita jina. Nilipowapa ninyi yule ndege watu walisema nina moyo mkubwa. Nilikuwa nataka kulala.

Usinunue. Mwambie uso kwa uso, kabla hajavua viatu. Na ukimwambia lako, mwambie na langu. Mimi nimeshindwa.

Mama yako


3 Julai

Mama wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Keti kwanza.

Kafika tarehe mosi alasiri, begi begani, zawadi mkononi, sega la mbao kalichonga mwenyewe, limepinda, nitakuja kulizungumzia siku nyingine. Nikamwambia pale pale mlangoni. Kikaango, simu, na uongo wa "hajambo". Akaweka begi chini. Akaenda nyuma, akasimama kwenye kamba ya nguo. Nikamwona mabega yanatikisika, sikuthubutu kumfuata. Baadaye akasema bila kugeuka, "Njoo basi, unaniacha nalia peke yangu kama sina mke?" Nikaenda mbio.

Kisha nikampa barua yako. Nilidhani ataisoma mara mbili. Akaisoma mara moja, akacheka, machozi bado yako kidevuni.

Mama, alikuwa anajua.

Anasema alijua siku ile ile, kwa masikio. Ndege wake wa kwanza alipiga mluzi safi kama yeye. Huyu wa pili alipiga sauti tatu, ya nne ikatoka "fyuu", upepo mtupu. "Nyumba nzima," anasema, "mwenye pengo mbele alikuwa mmoja tu." Akaona umejifungia mahali unapuliza kwa ajili yake, nawe ndiyo kwanza umefiwa. Swali la mafua alilitoa kukufungulia mlango. Hukupita, akaurudisha polepole, asije akakubana kidole.

Nikamuuliza, basi miaka yote hii ulikuwa unamjibu nani kule bafuni? Akasema, "Mama."

Kikaango nimekipeleka dukani, tunakaangia mayai ya mchana. Hapana ndege mle ndani. Mimi nanunua sufuria. Tundu tumeliosha, liko juani. Hatujui kama tutaweka mwingine. Jana asubuhi alipiga mluzi bafuni kwa mazoea, kisha akangoja. Nilijaribu kumjibu. Nilitoa mate tu.

Mwanao (ameniambia nisijiite mkamwana tena)


6 Julai

Wanangu,

Mimi mzima. Nimelia, nimelala hadi saa tatu, jambo ambalo sijalifanya tangu ujana.

Nakuja Jumamosi kwa basi la asubuhi. Msininunulie chochote, na chumba kisipulizwe dawa, nakohoa.

Hilo jino la harusi linachomoka. Nitalivua mlangoni, mluzi wa bafuni upate wa kuujibu.

Mama yenu