Mjukuu Wako Anaitwa Aksel

Toongabbie, Sydney
Agosti 2021

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje na baridi hii ya Tukuyu? Mama ameacha kukohoa? Barua hii namtumia dada Avelina akusomee, maana simu zangu huzipokei tangu nilipokutajia jina la mtoto.

Sisi tunapumua, basi. Lockdown imetubana kwenye fleti ya vyumba viwili, na nje polisi wanazunguka. Mtoto hajabebwa na mtu mwingine yeyote. Jirani yetu Concilie, mama wa Kirundi, humpungia mkono akiwa kule chini kwenye magari, kisha huondoka akifuta machozi. Kuna siku natamani kupiga ukuta teke.

Avelina anasema umegundua Aksel ndiye Absalomu wa Wadenmark, na kwamba jina la aliyemwasi Daudi hulitamki. Ni kweli, mzee wa kanisa hadanganyiki! Lakini mchungaji wetu wa Blacktown ameniambia maana yake ni “baba ni amani.” Absalomu alipewa jina hilo akiwa kichanga, Baba, kabla hajamkosea mtu.

Sikukueleza yote. Aksel ni jina la baba mzazi wa mume wangu Torben, yule mzee aliyekataa kuja harusini kwetu kwa sababu ya rangi yangu. Miaka minne hawakusemezana. Aprili korona ikamlaza mzee kule Denmark, akawa anamwita mwanawe. Torben akaomba ruhusa ya kutoka Australia, akaambiwa asubiri. Ruhusa ilikuja mzee ameshazikwa. Mazishi tuliyatazama kwenye simu, mimi na tumbo langu, mume wangu ameegemea friji.

Sasa hasira zako nielekezee mimi. Torben alitaka mtoto aitwe Gregori, kwa heshima yako. Mimi ndiye niliyekataa. Nilichoka kumwona mume wangu hana pa kulipeleka jina la baba yake, na humu ndani hakuna pa kukimbilia. Siku hizi analiita kutwa nzima, mara nyingine anacheka.

Msalimie Mama na wote nyumbani. Jina silibadilishi. Wewe ukipenda mwite Gregori, ataitika. Ila mwite, Baba, ungali hai.

Ni mimi bintiyo mkaidi,
Ikupa