Siku Nilipomgonga Nyati na Kaka Yako

Wodi ya Majeruhi, Wanaume,
Ghorofa ya Pili, Kitanda cha Dirishani.

19 Agosti

Mpendwa Wifi yangu,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje, na ile sukari imeshuka? Shemeji Kipara bado anakoroma mpaka majirani wanagonga ukuta? Natumaini barua hii itawakuta nyote wazima. Mimi ni mzima, ila naandikia juu ya goti, ndiyo maana mwandiko unakwenda upogo. Kaka yako anapumua. Nimeanza na hilo ili mengine uyasome ukiwa umekaa.

Najua umepigiwa simu ukaambiwa nimemkanyaga mume wangu kwa gari. Ni kweli. Lakini aliyekupigia hakuwapo, mimi nilikuwapo, kwa hiyo nipe nafasi nikueleze.

Kaka yako alikuwa asafiri Jumanne ile kwenda kuchomelea vyuma kwenye kiwanda cha meli, miaka mitatu. Jumamosi akasema twende mbugani tukaagane, kule kule aliponichumbia. Tumekwenda kila mwaka tangu tuoane, hata askari wa getini wanatuita Maharusi. Nilifunga mayai ya kuchemsha, mkate na chupa ya chai. Usukani nilishika mimi, maana alikuwa ananifundisha ili niwapelekee wateja mageti yatakayochomelewa na vijana wake akiwa hayupo. Njia nzima alinicheka kwamba naendesha kama ninayepinda pindo la gauni.

Tulisimama kando ya mto, mahali panaporuhusiwa kushuka. Tukala. Akaniambia miaka mitatu si mingi, nami nikalia kidogo. Kisha akachukua vikombe akaenda kuvisuuza, hatua kama ishirini hivi.

Nyati alitoka kwenye matete bila kishindo. Dume zee, peke yake, shingoni ana waya wa mtego uliozama mpaka nyama imeoza. Kaka yako hakuwahi hata kugeuka. Pembe ilimwingia pajani, akarushwa juu, akaanguka chali, na yule mnyama akapiga magoti akaanza kumsaga kifua kwa paji la uso. Nilizisikia mbavu zikivunjika, Wifi, mmoja baada ya mwingine.

Nilimrushia chupa ya chai, nikamrushia mawe. Hakunitazama hata kidogo. Nikaingia kwenye gari, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho.

Nilimpata ubavuni. Gurudumu la mbele lilipita juu ya mguu wa kushoto wa kaka yako. Nililihisi likipanda, nikalihisi likishuka. Nyati akaanguka, akainuka, akaligeukia gari. Pembe ilitoboa mlango, ikaishia kiganja kimoja kutoka nyonga yangu. Nikarudi nyuma nikamgonga tena. Na tena. Kioo kilinimwagikia mapajani. Mara ya nne nilimbana kwenye mwamba, akawa ananitazama huku damu inamtoka puani, nami namtukana matusi ambayo sijui niliyajulia wapi. Hofu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa na hasira tu, na nakuambia wewe peke yako kwamba nilitaka aumie.

Askari wa wanyamapori alifika mbio, akapiga risasi mbili. Injini yangu ikaendelea kunguruma. Akaingiza mkono dirishani, akanishika bega.

"Mama, toa mguu. Ameshakufa."

Damu ilikuwa inaruka pajani mwa kaka yako. Shingoni nilikuwa na futi ya ushonaji ninayopimia wateja wangu, niliyosahau kuivua tangu asubuhi. Nikaifunga juu ya jeraha, askari akaikaza kwa kijiti. Tukapanda gari lake. Saa mbili za barabara mbovu nilimpakata kichwa, namwita kwa majina yote, hata yale ya chumbani, mbele ya mgeni.

Mbavu sita zimevunjika, na pafu moja lilitoboka, wamelishona. Paja linafunga vizuri. Ule mguu wa kushoto, ule nilioukanyaga mimi, daktari aliukata chini ya goti siku ya tatu. Kazi ya meli amepewa mtu mwingine.

Jana ndipo alipozungumza sawasawa kwa mara ya kwanza. Alimwomba nesi atupishe, kisha akaniuliza, "Ulipokanyaga mafuta, uliniona pale chini?"

Ningeweza kusingizia vumbi. Angeniamini, na wewe ungeniamini.

"Nilikuona," nikasema.

 Akauvuta mkono wangu, akaulaza juu ya shuka pale mguu unapoishia, akaushikilia hapo mpaka usingizi ukamchukua.

Wifi, kama una hasira nami, niandikie mwenyewe, usinitumie watu. Na kama unaweza kuja, njoo. Anakuulizia.

Nisalimie Mama mkwe, lakini habari hii mpe polepole, baada ya kula. Msalimie Shemeji Kipara, na yule mwanao Chiriku, mwambie mjomba anataka kusikia maneno yake mengi. Mungu awalinde mnapotoka na mnaporudi.

Wako akupendaye, asiyekuficha kitu,

Mke wa kaka yako.