Taa Nyeupe za Jipu

Jumatatu, 3 Machi

Nimeficha jicho langu la kushoto. Halioni tena. La kulia linaona kama kupitia kioo chenye mvuke. Muhonja, binti yangu anayenitunza, hajui. Daktari wa moyo hajui kwa sababu hakuuliza. Nimestaafu, lakini Shinyalu nzima bado wananiita Mpimaji. Mpima ardhi asiyeona ni nani?

Vidonge. Chai bila sukari. Kisha nikapeleka jipu, gari langu kuukuu, Khayega kwa fundi Lihanda, aondoe balbu za zamani aweke za LED. Za zamani zilikuwa na mwanga wa koroboi. Kibanda chake kiko kando ya stendi ya boda boda, na pikipiki karibu zote pale zina taa nyeupe alizofunga yeye. Alipomaliza aliegesha jipu mbele ya ukuta wa kinu cha posho, akachora mstari kwa chaki, akashusha mwanga hadi chini ya mstari. Akaniuliza kama nauona. Nikasema nauona.

Aliniangalia muda mrefu mno. Simwamini.

Alhamisi, 6 Machi

Kamati ya kanisa imekawia kumaliza. Nimerudi giza likiingia. Taa mpya zinaonyesha kipande cha barabara ya murram mbele ya magurudumu, basi. Zaidi ya hapo ni weusi. Nimeendesha kwa kukumbuka.

Lihanda ameniwekea balbu duni. Au amezishusha makusudi ili nirudi kwake kila wiki. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa kati ya watu wanaong'oa mawe ya mipaka na asubuhi wanakusalimu kwa mikono miwili. Naijua sura ya mtu aliyesogeza kitu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemrudia. Hakukasirika, na hilo limeniudhi zaidi.

"Mzee, ziko sawa. Sisi tunashushanga mpaka hapo. Hizi zinatawanyanga mwanga ndani ya taa ya zamani. Ukipandisha kidogo tu, mtu wa boda akikutana na wewe haoni kitu."

Isaya, kijana wa boda boda anayembeba Muhonja kutoka sokoni, alikuwa amelala juu ya pikipiki yake akisikiliza. Huniita Kuka, babu. "Kwani Kuka unataka kumulika mbinguni?" Stendi nzima ikacheka. Nilicheka pia. Halafu nikajiuliza nani amewaambia kwamba ninakufa.

Usiku Muhonja akasema, "Baba, mbona usiniachie mimi funguo?" Kwa nini leo? Lihanda amesema naye. Nina hakika.

Jumamosi, 8 Machi

Leo naona. Nimetoka baada ya magharibi kujaribu. Naona hadi kona, naona majani ya mahindi, naona paka kwenye ua wa jirani. Nilikaribia kulia.

Sitaandika kwa nini naona.

Jumanne, 11 Machi

Isaya ameanguka jana jioni kwenye mteremko wa karibu na daraja. Mfupa wa paja umevunjika. Wanawake waliotoka sokoni walimkuta mtaroni, maji ya mvua yakimfikia kidevuni. Amepelekwa hospitali mjini. Anasema aliona majua mawili meupe yakimjia, kisha hakuona tena.

Nilipita pale jana. Kila mtu anajua, jipu ni moja tu kijijini. Nimewaambia sikusikia kitu. Mvua ilikuwa inapiga turubai la jipu.

Alhamisi, 13 Machi

Watu wa boda boda wamefunga kibanda cha Lihanda kwa kufuli lao. Muhonja anasema walikuwa wanampigia kelele: "Fundi wa kupofusha! Tupofushe basi mchana!" Na walipofika hapa kunipa pole, walivua kofia. Pole! Mimi! Hakuna hata mmoja aliyeliangalia jipu. Mzee halaumiwi, analaumiwa aliyemfungia taa.

Jioni Lihanda alikuja peke yake. Anaomba tulipeleke jipu kwenye ukuta ule ule, mstari wake bado upo. Nikamwambia betri imekufa. Aliutazama mlango wa banda la jipu, akanitazama mimi, akasema, "Sawa, Mzee. Upone." Kwa nini hakubishana? Mtu asiye na hatia hubishana. Au ananionea huruma, jambo ambalo sitalivumilia.

Naogopa. Niandike hivyo hivyo. Naogopa.

Ijumaa, 14 Machi

Naibu chifu amekuja. Jumapili baada ya ibada watakutana, na neno langu ndilo litakaloamua. Nikisema taa ziko kama Lihanda alivyoziacha, ataondoka Khayega na watoto wake na hakuna pikipiki itakayoguswa na mkono wake tena, hapa wala Lurambi.

Miguu imevimba hadi magotini. Daktari alizungumza na Muhonja nje, mlango ukiwa umefungwa. Habari njema haifungiwi mlango.

Ningeweza kufa kabla ya Jumapili. Nimelifikiria hilo kwa matumaini. Aibu.

Jumapili, 16 Machi

Sikuweza kwenda, wakaja wao. Naibu chifu, wazee wawili wa kanisa, Lihanda, na mama yake Isaya aliyekaa karibu na mlango. Nimesema. Ijumaa ile niliyotoka kwa Lihanda nilichukua bisibisi na kuziinua taa mwenyewe, kwa sababu macho yangu yamekwisha. Lihanda aliinamisha kichwa. Muhonja alichukua funguo za jipu kwenye msumari. Kufuli la kibanda litafunguliwa kesho asubuhi.

Walinisamehe upesi. Upesi mno. Uzee, wakasema. Macho, wakasema. Wakaomba, wakanywa chai, wakaanza kuinuka.

Nikamwomba mama yake Isaya abaki. Alisogeza kiti karibu na kitanda, akasubiri, mikono mapajani. Nje mvua ilikuwa imekatika, migomba ikidondosha maji. Nikamwambia.

Kwamba nilimsikia mwanawe akianguka. Nilimsikia akiita. Na sikusimama.