Kichezeo cha Kamanda

Tunduma,
9 Juni

Mdogo wangu Isaka,

Pokea salamu zangu na za shemeji yako Joshua. Natumaini wewe na wifi Eva ni wazima, na kazi ya uashi huko Kitwe inakwenda. Sisi hatujambo, ila baridi imeanza kuuma na foleni ya malori imefika karibu na mlango wetu. Mama naye yupo Itumba, goti tu linamsumbua akipanda kwenda shambani. Simu zangu hupokei, wala sikulaumu. Ndiyo maana nimempa Pendo barua hii, maana anapeleka mchele huko kuuza.

Kamanda, mbwa wa marehemu baba, niko naye mimi tangu Machi. Mama alishindwa. Tangu tulipomzika baba, mbwa yule alikuwa anatafuna kila kitu, na hapa kwangu hakubadilika. Alianza na ndoo, zikafuata kandambili zangu, kisha Jumamosi moja akavimaliza viatu vya Joshua vya kanisani. Naye ni mzee wa kanisa, akasoma somo amevaa ndala! Aliporudi alisema kwa upole, na upole wake ndio ulionitisha, kwamba mwezi ukiisha mbwa huyo awe ametoka.

Nikamsukia kamba ya katani yenye mafundo. Kesho yake nikaokota nyuzi. Nikampa mpira wa watoto, akaupasua na kumeza kipande, akatapika siku mbili. Hapo nikaenda sokoni kwa Mzee Mbonile, fundi wa makatambuga, vile viatu vya matairi. Alicheka kwanza, akasema miaka yote hajaulizwa habari ya mbwa kucheza. Halafu akachagua tairi kuukuu la pikipiki, akakata kingo zote zenye waya usije ukamchoma mdomo, akanionyesha kukunja mpira kama sambusa nene, kutoboa matundu, na kupitisha mkanda wa kiti cha gari.

“Fundo likae ndani, mama,” aliniambia. “Jino lisilifikie.”

Kichezeo hicho nilikishona mwenyewe kwa alasiri tatu, ukucha wa dole gumba ukawa mweusi. Nikakisugua kwa sabuni mpaka harufu ya oili ikatoka. Mimi na Joshua tukakivuta kila mtu upande wake, hakikulegea. Kamanda akakinusa mara moja, akaenda kutafuna mguu wa meza.

Nilikaa uani nikalia. Kisha nikaingia ndani, nikafungua sanduku langu, nikachana kitambaa fulani, nikakishindilia ndani ya ule mpira na kushona upya. Alipokipata hakukitafuna. Alikikumbatia kwa miguu ya mbele, akalaza pua juu yake, akafumba macho. Baada ya muda mrefu ndipo akaanza kukitafuna taratibu. Sasa ni wiki ya tatu, mpira umechubuka tu, na Joshua haongelei tena mwisho wa mwezi.

Isaka, kitambaa kile kilikuwa mfuko wa koti la baba. Ndiyo, lile la kahawia ambalo baba alisema kwa kinywa chake litakuwa lako. Siku ile ya matanga lilipokosekana, baba mdogo Nikodemo akasimama mbele ya watu akasema umeliuza upate hela ya pombe. Wewe ukanitazama mimi, nami nikainamisha macho. Lilikuwa chini ya begi langu. Nililichukua kwa sababu lilikuwa na harufu yake. Nilijiambia nitasema kesho, na kesho yake ukawa umeondoka.

Jumapili iliyopita nilikwenda Itumba nikawaambia mama na baba mdogo. Mama alisema yeye hakuwahi kulilia koti, anamlilia mwanawe. Baba mdogo aliomba namba yako, akaiangalia, akanirudishia simu. Alisema neno alilolisema mbele za watu hawezi kulifuta kwenye simu. Ukija atawaita watu wale wale.

Msamaha sikuombi kwa karatasi. Nitauomba nikikuona, hata kama utanifukuza.

Msalimie sana wifi. Mungu akulinde njiani ukiamua kuja, na usipokuja akulinde hapo hapo ulipo.

Koti analo Pendo, kwenye mfuko wa mchele, nimelifua kidogo tu. Limepungua mfuko wa ndani wa kushoto. Lililobaki ni lako.

Ni mimi dada yako niliyekukosea,
Tukuswiga