Mia Nne na Nane kwa Mmoja

New York,
24 Aprili

Kaka mpendwa Walt,

Salamu nyingi kutoka kwa dada yako. Nataraji u mzima, na goti lako limekupa nafuu sasa baridi imepungua huko Erie. Wifi Patty hajambo? Na Mama je, anakula, au bado anampa paka nusu ya sahani akidhani hamumwoni? Mimi huku sijambo kwa mwili. Moyoni nina hasira, na sehemu kubwa ni ya kwako, kwa hiyo kaa chini, vaa miwani, usome mpaka mwisho kabla hujaanza kugombana na karatasi.

Naandika kwa mkono kwa sababu barua pepe zangu zote zinahifadhiwa na wanasheria wa kampuni. Mwandiko wangu umeucheka tangu tukiwa shule. Vumilia.

Nianze na Pasaka. Uliniaibisha, Walt. Tumekaa mezani kwa Mama, pierogi za viazi bado za moto, watoto wako na wajukuu wote wametukodolea macho, nawe unatoa mfukoni ukurasa uliouchana kwenye taarifa ya mwaka ya kampuni, umezungushia namba kwa kalamu nyekundu. Ukasoma kwa sauti ya padri kwamba mkurugenzi mtendaji wa Corliss Media, Lorraine Haskett, yaani mimi dada yako, mwaka jana alilipwa dola milioni ishirini na tano na ushei. Ukasoma kwamba mfanyakazi wa katikati, yule ambaye nusu ya wenzake wanapata zaidi yake na nusu wanapata chini yake, alilipwa elfu sitini na moja na mia tano. Na kwamba malipo ya huyo mama bosi ni sawa na ya watu mia nne na nane wa namna hiyo. Ukaongeza kwamba huyo jamaa afadhali yake, maana hata wewe anakupita. Wote wakaangua kicheko. Mama hakucheka. Aliuliza mia nne na nane ya nini, na hakuna aliyemjibu.

Kisha ukaninyooshea uma. Ukasema nimtafute huyo mtu, nimtazame machoni, nimweleze yeye mwenyewe kwa nini mimi ni mia nne na yeye ni mmoja. Nikakwambia sheria inatutaka tuchapishe namba tu, jina haitaki. Ukasema ndiyo zenu, mnapenda namba kwa sababu namba haina goti linalouma. Ukaapa utakuja kwenye mkutano mkuu wa wenyehisa, wewe na hisa zako sitini ulizopewa ulipotimiza miaka ishirini na tano kazini, usimame mbele ya watu wote uniulize mtu wa katikati ni nani. Nikakwambia njoo! Nikachukua koti langu nikaondoka, hata chakula alichonifungia Mama nikakiacha juu ya jokofu. Nililia njia nzima hadi uwanja wa ndege, na usifikiri nililia kwa majuto. Nililia kwa sababu sikupata jibu la kukukata kauli.

Sasa ninalo, nisikilize. Nilikuwa na miaka kumi na saba nilipoanza kupokea simu za matangazo ya vifo pale gazetini, ghorofa moja juu ya mtambo wako na wa Baba. Wajane walikuwa wakinililia sikioni, nami nahesabu mistari, maana kila mstari una bei yake. Nilikuwa namuuliza mtu aliyefiwa jana kama anataka kuongeza "babu mpendwa" au atosheke na "baba". Ninyi mlipotoka zamu mikono myeusi kwa wino mlisema mimi nimepata kazi ya kukaa. Kazi ya kukaa! Nilikuwa nikifika nyumbani siwezi kula.

Wakanihamishia kwenye matangazo ya maduka. Wanaume wa idara ile walinituma kahawa miaka miwili. Niliwaletea, na huku nawachukulia wateja wao mmoja baada ya mwingine, mpaka mkubwa wao akaja kuniomba mimi ruhusa ya kwenda kwa daktari wa meno. Nikapelekwa Buffalo, kisha Cleveland, kisha hapa. Ndoa yangu niliizika njiani. Jina la Haskett nimedumu nalo kuliko nilivyodumu na Haskett mwenyewe. Miaka arobaini na mbili, Walt, kampuni ileile moja, na sijawahi kupanda hata ngazi moja bila mtu kuniuliza kwanza kama nina uhakika nitaiweza.

Na yule aliyenitangulia kwenye kiti hiki, Bwana Garrison Teale? Alilipwa milioni thelathini na moja mwaka uleule hisa zetu zilipoanguka hadi bei ya kikombe cha kahawa. Alipoondolewa akapewa kumi na mbili nyingine za kwaheri. Je, ulichana ukurasa wake ukausoma mezani? Nakumbuka ulivyosema, tulikuwa kwenye mazishi ya Baba, umeshika chupa ya bia: "Yule mzee ana kichwa, bwana wee." Kichwa! Teale hakujua hata karatasi inaingilia upande gani wa mtambo. Mimi nilipoingia nilikuta viwanda vitano vya uchapaji vimeshapangiwa kuuzwa vyuma chakavu, chako kikiwa cha kwanza kwenye orodha. Vinne bado vinafanya kazi. Kwa hilo nikapewa milioni sita pungufu ya Teale, na ghafla ukoo mzima umejua kusoma taarifa za mwaka.

Kwa hiyo pesa ile siiombei radhi. Sirudishi hata senti, na nikija Krismasi nitakuja na koti langu zuri. Mwanamume akilipwa hivi ana kichwa, mwanamke akilipwa hivi ana roho mbaya. Hilo nimelichoka, na nimelichoka zaidi linapotoka kwako.

Nilipanga niishie hapo nibandike stempu. Lakini yako mengine, na ndiyo hasa yaliyonikalisha mezani leo.

Jumatatu baada ya Pasaka, mwenyekiti wa bodi yetu, Bwana Whitlock, aliniletea orodha ya wenyehisa walioomba kuongea mkutanoni. Akagonga mstari mmoja kwa kidole, akajaribu kulitamka jina mara mbili likamshinda, akasema basi, kuna kizee fulani cha Erie kinataka kuuliza habari za mtu wa katikati. Hakujua ni ndugu yangu, nami sikumwambia. Akanikabidhi sentensi iliyoandikwa na wanasheria, kwamba kampuni haizungumzii mfanyakazi mmoja mmoja. Akanikumbusha, akitabasamu, kwamba mkataba wangu unakwisha Juni na bodi inapenda mikutano iliyotulia. Niliipokea sentensi ile, nikaikariri. Nilikuwa tayari kukusomea wewe, kaka yangu, mbele ya watu mia tano.

Ila uma wako haukuniacha. Nilikuwa nauona kila nikifunga macho. Alhamisi nikamwita Yolanda Prentiss, mkuu wetu wa utumishi, nikamwuliza huyu mtu wa katikati ni nani. Alishangaa. Akasema katika miaka yote aliyofanya kazi hiyo hakuna mkurugenzi aliyewahi kuuliza, kwamba huchaguliwa na kompyuta ya washauri, na sheria inaruhusu mtu huyohuyo atumike miaka mitatu mfululizo ili kupunguza usumbufu. Nikamwambia aniletee usumbufu huo. Akaja na bahasha. Akanisomea: fundi mitambo wa uchapaji, kiwanda cha Erie, zamu ya pili, miaka arobaini na nne kazini. Alipofika kwenye jina akakwama kwenye herufi kama Whitlock, akacheka kidogo, akaniomba samahani.

Mimi nilimtamkia. Walter Pruszynski.

Ni wewe, Walt. Ni wewe mwaka wa tatu sasa. Zile elfu sitini na moja na mia tano ulizosema zinakupita ni zako mwenyewe: mshahara wako, ovataimu zako za usiku wa uchaguzi, na mchango wa pensheni ambao huuoni kwenye hati yako ya mshahara. Ile namba uliyoizungushia wino mwekundu ni umbali kati ya kiti changu na chako, hapo mezani kwa Mama, na bakuli la pierogi katikati.

Yolanda aliniuliza kama namfahamu. Na hapa ndipo nina la kukuungamia.

Kila Januari, wakubwa wote wa kampuni tunajaza fomu. Kuna swali moja linauliza kama una ndugu wa damu anayefanya kazi hapa na kulipwa zaidi ya dola laki moja na elfu ishirini kwa mwaka. Kama unaye, sharti atajwe, watu wasije wakasema unapendelea ukoo wako. Kwa miaka sita nimeweka alama kwenye "hapana", na kila mara nilikuwa nasema kweli tupu. Sheria haikunilazimisha kukutaja kwa sababu hulipwi vya kutosha kutajwa. Nami, Walt, nilifurahi. Nilishukuru kuwa uko chini ya mstari, kwa sababu sikutaka watu wa ghorofa hii wajue kwamba kaka yangu anatoka kazini na wino kwenye kucha. Na miaka minne iliyopita, iliposimamishwa nyongeza ya mishahara ya viwandani, sahihi ile ni yangu. Nilijua umo ndani. Nilijiambia nikikutoa wewe nitakuwa napendelea, nikajiona mwadilifu kabisa, nikaenda kula chakula cha mchana.

Kwa hilo naomba radhi. Nimelia tena, na safari hii unaweza kufikiri unavyotaka.

Wiki hii nilichukua fomu yangu ya mwaka huu. Chini ya ile alama ya "hapana" nikaandika kwa kalamu kwamba ninaye kaka, jina lake, kazi yake, na kiasi anacholipwa. Wanasheria wakairudisha, wakasema maelezo hayo hayahitajiki. Nikaipeleka tena. Jana Whitlock akanipigia simu, sauti imekauka, akaniuliza, "Lorraine, wewe unataka kazi au unataka maigizo?" Nikamwambia kazi ninayo mpaka Juni, maigizo tutayaona Mei. Akakata simu. Huenda nikaja Erie mapema kuliko nilivyopanga, umwambie Patty aondoe cherehani kwenye kile chumba cha nyuma.

Sitakupandishia mshahara kimyakimya, maana nakujua, utanirushia usoni. Nimeweka suala la nyongeza ya viwanda vyote vinne kwenye ajenda ya bodi, na kama nitakuwa nimebaki na kiti, nitalisimamia. Na wala usidhani nimekuwa mpole. Bado nakudai samahani kwa lile la Teale, na nitaidai mpaka mmoja wetu azikwe.

Mkutano ni tarehe 14 Mei, saa nne asubuhi. Tiketi ya ndege imo humu kwenye bahasha. Najua utataka kuirudisha, basi ihesabu kuwa ni ya Mama na umekuja kwa niaba yake. Jina lako ni lako, sina haki ya kulitangaza usipotaka. Ukiamua kubaki nyumbani, au ukija ukakaa kimya, nitasoma ile sentensi ya wanasheria na hatutalizungumza tena. Lakini usiniulize swali lile kwa kunitisha tu. Ukiliuliza, nitalijibu.

Nisalimie Patty, watoto na wajukuu. Mwambie Mama chakula chake nilikiwaza njia nzima, na asimpe paka. Mwambie pia mia nne na nane ni ya nini. Anastahili kujibiwa, na wewe ndiye uliyeanza.

Jambo la mwisho. Utaratibu wa mkutano ni kwamba kila anayesimama hutaja kwanza jina lake kamili, ndipo aulize. Usikae nyuma. Sogea karibu na kipaza sauti, ulitamke polepole, herufi zote, kama Baba alivyokuwa akilitamka kwa wale waliojifanya halitamkiki. Kisha uniulize mtu wa katikati ni nani. Nami nitawaambia wote waliomo humo kwamba ameshajitaja.

Ni mimi dada yako,
Lorraine Pruszynski