Sufuria ya Mama Sifa

Jumapili, mtaa wa Mapendo, Goma. Mvua inanyesha tangu misa ya kwanza, na mawe meusi ya parsele, ua wetu wa pamoja, yanateleza. Nimechoka, nina hasira, na sijui nimkasirikie nani.

Leo Mama amemfukuza Mama Sifa.

Mama Sifa ni jirani yetu wa miaka yote. Alikuja na sufuria ya sombe, majani ya muhogo, kumwona mdogo wangu Kavira, ambaye ni mgonjwa. Hata kizingiti hakuvuka. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni: "Mutoto yangu alikula kwako, njo akaanza kuungua! Rudisha sombe yako!" Parsele nzima ilisikia. Mama Sifa akageuka na sufuria yake, akaondoka. Jamani, nilitamani ardhi inimeze.

Hapa kwetu mtu akikonda au ngozi ikiharibika, swali la kwanza ni nani amempa karuho, yaani sumu. La pili haliulizwi.

Lakini Kavira hakupewa kitu na mtu. Ana kansa ya titi. Alipasuliwa, kisha tukavuka mpaka kutafuta mionzi, maana mashine hiyo hapa Goma hatuna. Wanawake waliotibiwa pamoja naye walitoka na ngozi nyekundu kidogo, wakaendelea kupiga soga zao. Ngozi ya Kavira ilifunguka. Kifua chote ni kidonda, hata kitenge chepesi hakivumilii. Mionzi imesimamishwa katikati, na kansa haisubiri kidonda kipone.

Daktari wa kule aliniita pembeni akaniuliza habari za ukoo. Nikamtajia: bibi mzaa mama, titi. Mama mdogo Kahambu, titi.  Kisha akaeleza, na mimi fundi cherehani nikaelewa kwa namna yangu. Ndani ya kila chembe ya mwili kuna ADN, wengine huiita DNA, kama uzi. Mionzi inaukata, wa kansa na wa nyama nzima pia, ila nyama nzima hujishona tena. Wapo wanaozaliwa na kasoro katika ule ushonaji. Kansa huwapata kwa urahisi, na baadhi yao mionzi huwaunguza kuliko wenzao. Kasoro hiyo hurithiwa.

Alisema labda ndiyo hiyo. Kipimo cha kuhakikisha hakuwa nacho hata yeye.

Labda! Nimevuka mpaka, njia yote ile, nimerudi na labda.

Mama nilimwambia habari ya kidonda tu. Ya ukoo niliimeza. Amezika mama yake, amezika dada yake, nami nimwambie nini tena? Lakini leo, baada ya Mama Sifa kuondoka vile, nilishindwa kukaa kimya. Nilimkalisha Mama karibu na babula, jiko letu la makaa, makala yakiwaka, nikamweleza polepole. Kwamba hakuna aliyempa Kavira karuho. Kwamba huenda ilitoka kwa bibi, ikapitia kwake yeye.

Nilijiandaa kwa makelele, maana Mama akikasirika hata kuku hujificha. Hakupiga kelele. Alitazama makala mpaka maji ya chai yakakauka.

"Na weye, Masika?"

Nikasema sijui. Inaweza kuwa imenifikia, inaweza kuwa imenipita.

"Na Neema?"

Neema ni binti yangu. Alikuwa chumba cha pili, anampepea Kavira kwa daftari la shule.

"Sijui, Mama."

Mama akajitupia kitenge kichwani, akatoka mvuani kwenda kwa Mama Sifa. Niliwasikia wakilia wote wawili nyuma ya ukuta. Sombe imerudi, Kavira amekula kidogo. Ningefurahi, lakini siwezi. Mama alikuwa na mtu wa kumchukia, na hiyo ilimsaidia kusimama. Nimemnyang'anya, na sina cha kumpa badala yake. Sasa amelala amegeukia ukuta.

Nikiandika haya Neema amekuja na shimizi yake nyeupe, shati la shule. Imeanza kumbana kifuani, anataka niiachie mshono. Anacheka, anaona fahari kwamba anakua. Nimeikunjua tepi, nimeizungusha mgongoni mwake, kisha nikaikunja tena kabla haijafika kifuani. Nikamwambia macho yamechoka, mwanangu, tutapima kesho.

Kesho nitasingizia nini?