Upepo Uliofuta Kaburi la Moraa

Kaskazini mwa Sudan

Dada yangu mpendwa Kemunto,

Magoti yanaendeleaje na baridi ya Sironga? Na chai, imepona mvua ya mawe? Mimi napumua, zaidi ya hapo sina la kujisifia.

Uliniuliza kwa simu, ukicheka, "We omogaka, mzee mzima, upepo tu ndio unakuzuia kuja nyumbani?" Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Kwetu dhoruba huja na maji: radi, mawe juu ya mabati, na asubuhi majani ya chai yamechanika. Huku huja kavu, na wenyeji wameipa kila moja jina. Mchanga unaotambaa chini na kuchoma vifundo vya miguu una jina. Kisulisuli kinachozunguka peke yake njiani kina lake. Mkubwa wao ni habubu: ukuta wa vumbi unaotoka ardhini hadi mawinguni, ukitembea, adhuhuri ikawa giza.

Moraa wangu alipofariki, majirani walitaka tumzike kwenye kilima cha mawe, wanakozika wao. Nilikataa. Mke wa Mgusii huzikwa kwenye ardhi yake. Jirani yangu Hassan alinitania, "Mzee, huku watu hawapandwi kama migomba!" Hata hivyo alinisaidia kuchimba, katika kishamba cha kunde alichokilima Moraa nje ya mji.

Juzi habubu ilikuja, ikakawia. Ilipopita, kishamba hakikuwepo. Ua wa miiba, msalaba, vyote vimemezwa. Mchanga umelala sawasawa kama unga kwenye ungo. Tulichimba hapa na pale mpaka Hassan akanishika bega. "Basi, baba. Hatujui hata tumesimama wapi."

Ulinisihi nije na udongo wa kaburi lake, tuuzike kando ya nyumba yetu, asibaki ugenini. Sasa nichote wapi? Nikuletee mchanga wowote na kuuita Moraa? Siwezi, dada. Mwambie mwanao alifukie lile shimo alilouchimbia udongo huo. Nami siji. Nikiondoka, nani atamtafuta?

Hassan anasema upepo unaofunika huweza pia kufunua. Nikamwuliza huo wa kufunua unaitwaje. Hakuwa na jina lake.

Nisalimie shemeji anayechuma chai Itumbe, na wajukuu wote. Dada yake Moraa aliye Ogembo usimpigie simu. Nenda ukakae naye kwanza, ndipo umwambie habari ya kaburi.

Ni mimi kaka yako, niliyebaki,
Nyakundi